Kuinua gari ya fobaifo: kipi ununue kwanza na kipi uachane nacho

Mtu akitaka kuinua gari swali la kwanza anauliza inchi ngapi, mbili, tatu au nne, na muuzaji anamjibu hapohapo kwa sababu inchi ndo zimeandikwa kwenye boksi. Mimi naomba uanze na kilo. Gari yako inabeba nini kila siku, sio siku ya safari peke yake, yaani bampa la chuma, winchi, tangi la pili la mafuta, keria ya juu na hema lake, betri ya ziada, watu wangapi wanakaa nyuma. Bampa la chuma na winchi pamoja vinaweza kuvuka kilo 80 bila shida, na vyote vimening'inia mbele ya ekseli, kwahiyo springi za mbele zinabanwa zaidi hata ya hizo kilo zenyewe. Kinachoinua gari ni springi, na springi inachaguliwa kwa uzito. Springi ya mzigo mzito inayokupa inchi 2 kwenye gari iliyojaa vifaa, ukiifunga kwenye gari tupu inaweza kukupa karibu inchi 3, gari inakuwa ngumu inarukaruka na tairi inaachia ardhi kwenye kona mbovu. Na kinyume chake, springi laini chini ya mzigo inalala baada ya muda mfupi unarudi ulipoanzia, pesa imeshaondoka.

Kitu kingine ukijue kabla hujatoa hela. Kama gari yako ina ekseli nzima mbele na nyuma, yaani chuma kimoja kinachounganisha magurudumu mawili, lifti (huku kuinua gari) haiinui difu, lile boksi la gia katikati ya ekseli, hata kidogo, difu iko palepale kwa sababu ekseli imekaa kwenye tairi na sio kwenye chesisi. Kinachoinua difu ni tairi kubwa, na hapo unapata nusu tu ya tofauti, ukitoka tairi ya inchi 31 kwenda 33 difu inapanda inchi moja. Gari zenye magurudumu huru mbele, yaani kila gurudumu linacheza peke yake, kama Prado au Hilux, difu ya mbele imefungwa kwenye chesisi kwahiyo inapanda pamoja na gari, lakini ya nyuma inabaki chini. Lifti inachokupa ni nafasi ya tairi kubwa kuingia, bampa na tumbo la gari kukaa mbali na mawe, na kama umechagua vizuri gurudumu linashuka na kupanda zaidi kabla halijaning'inia hewani. Hiyo ya mwisho ndo natumia kupanga hivi vitu hapa chini, urefu peke yake haunishawishi.

Namba moja: springi na shokapu zilizotengenezwa kufanya kazi pamoja, kwenye milimita 40 hadi 50

Hapa ndo panapowafaa watu wengi, na kama unanunua mara moja tu nunua hii. Kampuni kama Old Man Emu, Dobinsons, Tough Dog na Ironman 4x4 zina springi za uzito tofauti kwa gari ileile, kwahiyo unaweza kuchukua za mbele za gari yenye bampa na winchi na za nyuma za mzigo wa kawaida, sio lazima zote ziwe ngumu. Mwambie muuzaji vifaa vyako kimoja kimoja, na kama anakuuliza tu aina ya gari na mwaka halafu anakuletea boksi, tafuta mwingine.

Sasa shokapu, na hapa naomba usikimbilie bei. Shokapu kazi yake ni kuizuia springi isiendelee kucheza baada ya shimo, nguvu yote ile inaigeuza kuwa joto, na kwenye barabara ya makunyanzi, yaani mawimbi madogo madogo ya udongo, joto hilo linapanda hadi huwezi kushika shokapu kwa mkono. Mafuta ya ndani yakichanganyika na hewa yanatoa povu, na povu halizuii kitu, gari inaanza kuelea na stelingi haikuitikii. Za mirija miwili, hizi za kawaida ambazo silinda moja iko ndani ya nyingine, zinasafiri vizuri, bei yake inavumilika na jiwe likigonga nje zinaendelea kufanya kazi, ila joto haliondoki haraka kwa sababu silinda ya kazi imefunikwa. Za mrija mmoja, Bilstein ndo wanajulikana sana kwa hizi, zina gesi ya naitrojeni yenye presha iliyotengwa na mafuta kwa pistoni yake, zinapoa haraka, hazitoi povu kirahisi na unaweza kuzifunga hata kichwa chini. Udhaifu wake ni kwamba pistoni inatembea moja kwa moja kwenye ukuta wa nje, kwahiyo jiwe likibonyeza huo ukuta vibaya shokapu imekwisha. Ndo maana mtu wa mawe mawe na mwendo mdogo namwambia achukue ya mirija miwili yenye mwili mnene, na mtu wa makunyanzi marefu mwendo wa kasi na mzigo achukue ya mrija mmoja. Zile zenye chupa ya pembeni ya mafuta, Fox na King wanatengeneza, ni nzuri kweli, chupa inaongeza mafuta na sehemu ya kupoozea, lakini kama huendi mbio kwenye njia mbovu kwa masaa unanunua uwezo ambao hautautumia. Bora hiyo hela iende kwenye springi sahihi.

Urefu wa shokapu nao usiuchukulie poa. Ikiwa fupi inakuwa yenyewe ndo kamba inayozuia gurudumu lisishuke, inavutwa kila shimo hadi inakatika kwenye macho yake. Ikiwa ndefu kupita kiasi, gari ikibonyea inafika mwisho kabla ya mipira ya kuzuia kugusa, na hapo unaua shokapu au unang'oa sehemu ilipofungwa. Gari za koili zenye ekseli nzima kama Patrol za zamani, Land Cruiser 80 au Wrangler, shokapu ndefu mno inaruhusu ekseli ishuke hadi springi inatoka kwenye kiti chake. Kwahiyo uliza vipimo viwili, ikiwa imefunguka yote na ikiwa imefungwa yote, fundi apime kwenye gari yako.

Kwa magurudumu huru mbele, nunua springi na shokapu zikiwa zimeshaunganishwa pamoja kama unaweza, kufungua ile koili bila kifaa cha kuibana ni hatari kubwa, inaweza kuruka na kumuua mtu. Na hapo mwisho wako uwe inchi 2 hivi. Zaidi ya hapo ile joini ya shafti ya gurudumu inafanya kazi ikiwa imepinda sana, buti lake linapasuka, mchanga unaingia, na bol joint ya juu, kile kiungio kinachoshika gurudumu kwenye mkono wake, inafika mwisho wa kucheza kwake. Ukitaka kuzidisha kidogo ongeza mikono ya juu iliyotengenezwa kwa lifti, hiyo pia inasaidia alaimenti kukaa.

Namba mbili, na watu wanairuka: vitu vya kurekebisha

Nimeviweka juu ya spesa (vipande vya kuongeza kimo) na vingine vyote kwa makusudi, maana inchi 2 zenye vitu hivi ni gari salama na inchi 3 bila hivi ni gari inayotembeatembea barabarani. Ukiinua gari yenye ekseli nzima na mikono ya mbele kama Defender za zamani, Jimny, Patrol za zamani au Land Cruiser za koili, ekseli inazunguka kidogo kwenda mbele na ile pembe inayofanya stelingi ijirudishe yenyewe baada ya kona inapungua. Unakuta gari kwenye lami inakwenda kushoto na kulia kidogo kidogo, mikono haipumziki. Dawa ni bushi zilizotobolewa pembeni kidogo, au sahani za kurekebisha, au mikono mipya kabisa, kwa inchi 2 bushi zinatosha mara nyingi. Halafu kuna ile rodi inayoshika ekseli isiende pembeni, gari ikipanda rodi inavuta ekseli upande mmoja, ya kurekebishika urefu ndo inairudisha katikati. Mipira ya breki ikague gari ikiwa imening'inia magurudumu yote, ikiwa imekazana nunua mirefu kabla gari haijatoka gereji. Linki za stabilaiza, kile chuma kinachozuia gari kulala kwenye kona, pia, na kwenye pikapu nyingi kuna kile kipimo cha breki za nyuma kinachosoma uzito kwa kuangalia umbali wa ekseli, ukiinua gari kinadhani gari tupu kinapunguza breki za nyuma, kinataka kisogezwe.

Bushi za plastiki ngumu zinasifiwa sana, kwa shakeli (kiungio kinachoshika mwisho wa springi za mabapa kwenye chesisi) na stabilaiza sawa, ila kwenye mikono ya ekseli ya mbele mimi nabaki na za mpira kwa sababu mpira unakubali kujipinda na ekseli inacheza vizuri.

Namba tatu: lifu za nyuma

Kwa Hilux, Land Cruiser 79 na pikapu zote za namna hiyo nyuma, chaguo bora ni seti nzima mpya ya lifu, yaani springi za mabapa yaliyopangwa, ya pili ni kuongeza lifu moja, ya tatu ni shakeli ndefu kidogo. Lifu moja ya kuongeza inafaa kama zako bado nzima na unabeba mzigo muda wote, ila gari ikiwa tupu utasikia kila jiwe, na kama zako zimeshachoka unaweka kitu kipya juu ya kitu kinachokufa. Shakeli ndefu inakupa nusu tu ya urefu ulioongeza, shakeli ya inchi 2 zaidi gari inapanda inchi 1, na pembe ya propela, ile shafti inayopeleka nguvu kwenye ekseli, inabadilika.

Bloku, hivi vipande vya chuma kati ya ekseli na lifu, nyuma kimoja kidogo cha kiwandani kinavumilika, ila kirefu kinaipa ekseli nguvu ya kuzungusha lifu ukikanyaga mafuta na unasikia nyuma inatetemeka. Usipange viwili kimoja juu ya kingine. Na mbele usiweke bloku kabisa, haijalishi nani kakwambia, breki za mbele zinavuta kwa nguvu sana na bloku ikitoka umepoteza stelingi.

Namba nne: spesa na kukaza toshoni baa

Spesa sio uchafu kama wengine wanavyosema. Gari isiyo na mzigo, springi bado ziko imara, unataka mbele ilingane na nyuma, spesa ya milimita 20 au 30 inafanya kazi kwa bei ndogo. Ujue tu inavyofanya kazi. Ile inayokaa juu ya shokapu ya mbele kwenye magurudumu huru, milimita 25 zake zinainua gari karibu mara mbili, kwa sababu shokapu imefungwa katikati ya mkono na sio kwenye gurudumu. Wengi hawajui wanaweka ya 50 wanashangaa joini zinalia. Na gurudumu likining'inia linashuka chini zaidi ya kiwanda kilivyopanga, bol joint na joini zinafika mwisho. Ile inayobana koili yenyewe haina shida hiyo, ila inakula nafasi ya gurudumu kushuka, kila shimo unasikia shokapu inagonga mwisho wake kwa juu.

Toshoni baa, yaani kile chuma kirefu kinachojinyonga badala ya koili, kwenye Hilux za kabla ya 2005 na Pajero za zamani, unaweza kukaza bolti tu gari ikapanda bure. Kaza kidogo kurudisha urefu uliopotea kwa uzee, hapo sawa. Ukikaza sana unapoteza kushuka kwa gurudumu na safari inakuwa mbaya, bora ununue baa nene zaidi na shokapu zake.

Namba tano: kuinua bodi

Hapa bodi inanyanyuliwa kutoka kwenye chesisi kwa vipande, suspenshen haiguswi. Unapata nafasi ya tairi na hakuna kingine, tumbo la chesisi liko palepale. Faida yake joini na propela hazijui kama kuna kitu kimebadilika. Lakini shafti ya stelingi, feni na kava lake, waya, mpira wa kujazia mafuta, gia lever, vyote vinataka kuangaliwa. Inchi moja naielewa, tatu hapana.

Na inchi 4 kwenda juu? Kwa mtu wa mawe mwenye Wrangler au Patrol, ambaye gari sio ya kwenda kazini, sawa, lakini bajeti yake iwe na mikono mirefu, propela yenye joini mbili, mipira ya breki, stelingi, na gia za difu kwa sababu tairi kubwa zinaifanya gari kuwa nzito kuondoka. Kitovu cha uzito kinapanda na gari inapinduka kirahisi zaidi. Kabla hujanunua chochote cha kimo hicho soma sheria ya unapoishi na uulize bima yako, sehemu nyingi kuna kikomo.

Ukishanunua, mwambie fundi mambo haya hata kama anakuona msumbufu. U-bolti za lifu ziwe mpya, za zamani zimeshavutika hazishiki tena. Bolti za bushi za mpira zikazwe mwisho gari ikiwa chini imekaa kwenye magurudumu yake, maana ukizikaza ikiwa kwenye jeki bushi inabaki imejinyonga muda wote na inachanika mapema. Alaimenti ifanyike siku hiyohiyo, taa za mbele zishushwe kwa sababu zinawapiga watu machoni sasa, na baada ya kilomita 500 hivi rudi nati zote zikazwe upya.