Raum yangu, mtungi wa kilo 11 na mahotipoti: uzoefu wangu wa kufunga gesi kwenye gari

Septemba 2023, EWURA, mamlaka inayopanga bei za mafuta, walipotangaza bei za mwezi na petroli ya Dar es Salaam ikapita shilingi 3,200 kwa lita, nilifungua daftari la biashara nikapiga hesabu upya. Ninapika chakula cha mchana Tabata na kukipeleka maofisini Posta na Kariakoo, siku sita kwa wiki. Toyota Raum yangu inatembea kama kilomita 70 kwa siku, nyingi za foleni, na ilikuwa inakunywa lita 7. Hapo zaidi ya 22,000 imeshatoka na sijanunua hata kitunguu. Oktoba nikafunga gesi.

Ukisema gari la gesi, watu wengi wanauona mtungi wa jikoni. Mama yangu, aliyekuja kutoka Kilwa kunisaidia, aligoma kulipanda wiki nzima. "Mwanangu, unapikia gesi halafu unaikalia?" Kumbe hizo ni gesi mbili tofauti. Tunayopikia ni mchanganyiko wa propani na butani. Ndani ya mtungi inakaa kama maji, na ikivuja inatambaa chini kwa sababu ni nzito kuliko hewa. Magari ya gesi hiyo yapo, Uturuki na Poland yamejaa, lakini yana mitungi na vifaa vyake maalumu. Sisi huku tunafunga gesi asilia, yaani methani, ileile inayochimbwa Songo Songo, kwetu Kilwa, ikaletwa Dar kwa bomba. Hiyo ni nyepesi, ikivuja inapaa juu. Ila inashindiliwa mpaka presha ya bar 200, ndiyo maana mtungi wake ni wa chuma kinene na mzito kupita kiasi. Fundi akikwambia atakuunganishia mtungi wa jikoni kwenye gari, ondoka hapo. Na mtungi wa gesi asilia usio na cheti, usiuchukue hata ukipunguziwa bei.

Nililipa 2,100,000. Fundi alitaka nichukue mtungi wa kilo 15, nikakataa kwa ajili ya buti, nikachukua wa kilo 11. Zamani nilikuwa napanga mahotipoti manane makubwa. Sasa yanaingia matano, matatu yanakaa kiti cha nyuma nimeyafunga mkanda kama watoto wa shule. Mwenye biashara ya kubeba vitu apime buti kwa futi kabla hajalipa chochote.

Asubuhi gari linawaka kwa petroli. Injini ikishapata joto linahamia gesi lenyewe, unasikia mlio mdogo na taa ya swichi inabadilika. Chini ya boneti kuna kifaa mafundi wanakiita ridyusa, kinachoshusha ile presha kubwa kabla gesi haijaingia kwenye injini. Gesi ikishuka presha namna ile inapoa sana, kwa hiyo maji ya moto ya rejeta yanapitishwa humo ili ridyusa isigande. Hapo ndipo nilipoumizwa. Aliyenifungia hakukaza vizuri kibanio cha mpira wa maji. Siku ya nne, nikiwa Buguruni na chakula cha watu 60 ndani, mshale wa joto ukaanza kupanda. Bahati nzuri niliuona mapema nikazima. Wateja walikula saa nane badala ya saa sita, na ofisi moja hawakuagiza tena. Kile kibanio kinauzwa bei ya soda. Kwa hiyo ukishafungiwa, rudi siku ya pili na ya saba, fungua boneti mwenyewe, pitisha mkono kwenye kila mpira, na uangalie maji ya rejeta kila asubuhi.

Nguvu imepungua kidogo. Bondeni huku siisikii, lakini kupanda kuelekea Kimara nikiwa na mzigo na AC, naisikia. Baada ya miezi kama mitano gari lilianza kumisi. Plagi mpya zikamaliza tatizo.

Fedha ninayookoa ni ya kweli. Kilo moja ya gesi wakati huo nilikuwa nikiinunua 1,550, na kwa siku natumia kilo 5, pamoja na petroli kidogo ya kuwashia. Jumla kama 9,250. Nilibaki na 13,000 kila siku ya kazi, na gharama ya kufunga ilirudi ndani ya mwezi wa saba tangu nifunge. Kwa fedha hiyo nimemwongezea mshahara msaidizi wangu.

Lakini foleni ya kujaza ndiyo gharama ambayo hakuna aliyenitajia. Mtungi wangu unanifikisha siku mbili, basi kila baada ya siku moja lazima niende kituoni. Mwanzoni nilikwenda alasiri, nikitoka mjini. Saa mbili, mara nyingine tatu, kati ya bajaji na magari ya mtandaoni, halafu zamu ikifika unaambiwa "Dada, shukeni wote," na jua la saa tisa linakungoja nje. Tena mchana nilikuwa napata kilo 8 na nusu tu, kwa sababu gesi ikiwa ya moto inatanuka, presha inafika 200 mtungi haujashiba. Alfajiri kungefaa, ila saa kumi na moja nina wali jikoni. Sasa naenda saa nne usiku; foleni ni fupi na napata kilo 9 na nusu. Hapo ndipo ninapojuta kuukataa ule mtungi wa kilo 15, kwa sababu ungenipunguzia safari moja kila wiki.

Kosa langu mwenyewe lilikuwa kuacha petroli iishe. Nilidhani siihitaji tena, nikatembea na taa nyekundu miezi miwili. Kwenye gari langu pampu ya petroli inaendelea kuzunguka hata nikiwa kwenye gesi, na kinachoipoza ni petroli yenyewe. Iliungua. Nyingine nilinunua 180,000 na siku mbili nikapeleka chakula kwa bajaji. Siku hizi mshale ukigusa robo naongeza lita 10, hata kama nimetoka kujaza gesi usiku uleule.