Miezi minne ya dona, dagaa na viazi lishe: mbwa wangu ananiacha mlimani

Tomi ni chotara, mama koko, baba German Shepherd, kilo 27. Tangu mdogo amekula sembe na supu ya mifupa kama mbwa wengi wa huku kwetu Bigwa, Morogoro. Usiku alibweka vizuri tu. Aibu ilikuwa Jumamosi tukipanda njia ya Morningside: nusu ya safari bado, yeye kashalala chini ya mti ulimi nje, na mimi mwenye kitambi ndiye namsubiri.

Daktari wa mifugo aliniuliza swali moja: "Hiyo supu unaiengua mafuta?" Nikajibu ndiyo, kwa fahari kabisa. Kumbe hapo ndipo nilipokuwa namwibia. Gramu moja ya mafuta ina kalori kama 9, ya wanga au protini kama 4, na mbwa akienda mwendo mrefu mwili wake hutegemea sana mafuta. Wanga ulioiva anaumeng'enya bila shida, ila mimi nilikuwa namjaza tumbo tu.

Sasa sufuria lake (lake peke yake, mama watoto hana mzaha kwenye hilo) lina dona iliyoiva kabisa, viazi lishe viwili, mapupu, vipande vya moyo wa ng'ombe na mafuta yake, na kiganja cha dagaa wa Mwanza. Dagaa ndio wenye kazi. Wale wa bei nafuu wanaouziwa wafuga kuku wamejaa mchanga. Nawapepeta, nawaloweka kwenye maji ya moto, nakoroga, nasubiri mchanga utuame, nawaopoa, kisha narudia. Siku niliyofanya uvivu nilisikia meno ya Tomi yakisaga kama mashine ya kokoto. Maganda ya mayai nayakausha na kuyasaga, naweka kwa kipimo cha daktari, maana nyama pekee haina kalsiamu ya kutosha.

Wiki ya kwanza kiherehere kilinizidi, nikamimina mafuta bila kipimo. Aliharisha siku mbili, uwanja mzima nikaufukia kwa majivu. Ongeza kidogo kidogo, la sivyo hata kongosho linaweza kuvimba.

Jingine lilinitisha zaidi. Mashine moja iliniuzia dona ya bei ya kutupa, nikafungua mfuko, harufu ya uvundo ikanipiga puani. Niliifukia yote, hata kuku sikuwapa. Sumukuvu, yaani sumu ya kuvu wa nafaka, iliua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, haiondoki kwa kupikwa, na ini la mbwa haliihimili. Mabaki ya mezani nayo nimeacha, kwetu hakuna mboga isiyo na kitunguu, na kitunguu ni sumu kwake.

Manyoya yanang'aa, mbavu bado nazigusa kwa kidole, hajanenepa. Mlimani sasa ananitangulia, anasimama kwenye kona na kunitazama kwa dharau. Gharama haijashuka, mkaa unakula hela, na harufu ya dagaa imenihamishia jiko nje, nyuma ya banda.

Nikisafiri, kijana wa nyumbani anarudia sembe tupu kwa sababu kupepeta dagaa hataki hata kusikia. Kwa hiyo mfuko mmoja wa chakula cha dukani upo stoo, na nimeshamwonyesha kikombe cha kupimia.