Mkebe wa hisabati kwa wanaoanza jiometri

Nimeutumia mkebe huu wa bati muhula mzima kuwafundisha wanafunzi wa Kidato cha Kwanza nukta, mstari, kipande cha mstari na pembe, na ninaupendekeza kwa dhati. Bikari yake ni nzito na skrubu inakaza vizuri, kiasi kwamba mwanafunzi anaweza kuchora kipande AB cha sentimita 5, akaipanua bikari kwa urefu huohuo, akaweka ncha kwenye A kisha kwenye B bila upana kubadilika, na pale matao mawili yanapokatana akapata kona ya tatu ya pembetatu yenye pande sawa. Huo ndio mchoro wa kwanza kabisa katika kitabu cha Euclid, mwanahisabati wa Kigiriki, cha mwaka 300 KK hivi, na kila mtoto alipopima akakuta nyuzi 60, nilijua kwamba kwake nukta si doa la penseli tena.

Kasoro iko kwenye kipimapembe: tarakimu zilianza kufutika katika mwezi wa pili wa kuutumia, na safu zake mbili za 0 hadi 180 zimebanana mno, hivyo wengi walisoma 120 badala ya 60. Rula ni nzuri. Mzazi anunue mkebe huu, ila kipimapembe atafute kingine.