Seti ya shanga za kromosomu ya Darajani: nunueni, ila karatasi yake mmh

Wanaouliza kama ile seti inamfaa mtoto wa fomu foo, inafaa, chukueni, ila karatasi ya maelezo msiiamini yote. Miye nimeinunua elfu 25 duka moja la vifaa vya skuli Darajani, mdogo wangu meiosisi (seli inavyogawanyika kutengeneza mayai na mbegu za uzazi) ilikuwa inamtoa jasho kweli.

Ndani mna jozi 3 za kromosomu (vile vinyuzi vya ndani ya seli vinavyobeba urithi), nyekundu za mama buluu za baba, shanga unachomeka na kuchomoa na katikati pana kisumaku ndo sentromia, pale nusu mbili za kromosomu zinaposhikana. Hapo kwenye kuchomoa ndo pesa yako inarudi yakhe, maana skuli mtoto anakariri tu "kromosomu za jozi hubadilishana vipande" basi, lakini akishachomoa nyekundu akazipachika kwenye buluu anaona mwenyewe kuwa hii sasa si ya mama wala si ya baba. Halafu mgawanyiko wa kwanza jozi zinaachana, wa pili zinaachana kromatidi, yaani zile nusu mbili za kromosomu, na kila jozi inajipanga kivyake haijali mwenzake kaelekea wapi. Kwa jozi 3 inatoka michanganyiko 8 (2×2×2), dogo kaipanga yote mkekani, nikamwambia haya binadamu ana jozi 23 shika kalkuleta, ikaja 8,388,608, na hapo hata vipande havijabadilishwa! Akanyamaza kidogo.

Sasa karatasi. Imechora mwanamke anatoa mayai 4 yaliyo sawa, wapi! Manne sawa ni mbegu za mwanamme, kwa mwanamke linabaki yai moja kubwa linalochukua karibu saitoplazimu yote (ule ute wa ndani ya seli), vingine ni vijiseli vidogo vinakufa. Mtihanini hiyo ni maksi imekwenda. Na jozi ikikataa kuachana hawajagusa kabisa, wakati shanga zenyewe zinaonyesha vizuri tu, sukuma zote mbili upande mmoja, ndo mtoto anaweza kuzaliwa na kromosomu namba 21 tatu badala ya mbili (hali ya Down). Nilipomwambia muuzaji kanijibu "dada sie twauza tu" 😂

Visumaku navyo dhaifu, kimoja kishabanduka, supa gluu.

Nyota 4. Mkiwa na watoto wengi changeni seti mbili, ya pili itieni alama ya rangi ya kucha zisichanganyike, mpate jozi 6 na michanganyiko 64.