Nilijaza gesi ya AC mara tatu kabla ya kumpata fundi aliyetafuta inapovuja

Gari yangu ni Toyota IST ya 2004, na safari zangu nyingi ni Mbezi hadi Posta. Aliyewahi kukaa kwenye foleni ya Kimara mchana wa Februari anajua kwamba AC si anasa. Mwaka jana yangu ilianza kutoa upepo wa feni tu. Gereji ya jirani, fundi akachomeka geji, akasema, "Gesi imeisha bosi," akajaza, nikatoa elfu 50. Wiki ya kwanza ilikuwa baridi tupu. Baada ya miezi miwili, joto. Nikarudi, akajaza tena. Mara ya tatu ndipo nikajiuliza: hii gesi inakwenda wapi?

Gesi ya AC haiungui kama petroli. Kompresa inaigandamiza, kondensa iliyo mbele ya rejeta inaipoza mpaka inakuwa kimiminika, kisha ndani ya dashibodi inachemka na kufyonza joto la humo ndani. Halafu inazunguka tena, ile ile. Ikiisha ndani ya miezi miwili, kuna mahali inavujia. Na mafuta ya kulainisha kompresa husafiri pamoja nayo, kwa hiyo kila nilipojaziwa bila kuzibiwa, kompresa yangu ilikuwa ikielekea kukauka. Hilo liliniuma kuliko zile pesa.

Fundi wa pili, niliyeelekezwa na shemeji, hakugusa mtungi wa gesi kwanza. Aliingiza gesi ya naitrojeni kwenye mabomba ya AC, akapaka povu la sabuni kwenye maungio. Oringi moja, yaani pete ya mpira ya kuziba maungio, karibu na kondensa ikatoa mapovu. Pale pale palikuwa na mafuta yaliyoshika vumbi, alama ambayo hata mimi ningeiona kama ningejua pa kutazama. Akabadilisha oringi, akaongeza mafuta ya kompresa, akaacha pampu ifyonze hewa na unyevu kwa zaidi ya nusu saa, ndipo akapima R134a, ndiyo gesi yenyewe ya AC, kwenye mizani kufuata gramu zilizoandikwa kwenye stika chini ya boneti. Nililipa karibu mara tatu ya bei ya kujaza. Tangu hapo ni miezi tisa sasa, sijaongeza kitu.

Filta ya ndani, nyuma ya kile kiboksi cha mbele ya abiria, ilikuwa nyeusi imejaa majani. Kuitoa hakuhitaji hata spana. Uvundo uliokuwa ukitoka asubuhi nikiwasha AC umekwisha, na siku hizi nikikaribia nyumbani nazima AC, naacha feni ipulize dakika chache ili ndani ya AC pakauke.

Juni nikaenda Njombe. Kule kioo cha mbele kinashika ukungu usione barabara. Niliwasha hita na AC kwa pamoja: AC inakausha hewa, hita inaipasha, na kioo kikasafika upesi. Hita yenyewe hutumia joto la maji ya injini, ndiyo maana yule fundi wa pili alinikataza maji ya bomba na kusisitiza kulanti, yale maji maalumu ya rejeta; kutu huziba vijia vyake vyembamba. Pia aliniambia nikipanda mlima Kitonga na joto la injini likianza kupanda, nizime AC na kufungua hita.

Kasoro ya fundi huyo ni muda. Siku ile ya kuziba, gari ilikaa kwake tangu saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni. Ningekaa hata siku mbili.