Mizani ya sonara ya gramu 0.01: inamfaa mkusanyaji wa sarafu za kale?

Anayetafuta rupia ya Mjerumani, sarafu ya fedha ya enzi za ukoloni, mtandaoni siku hizi huonyeshwa picha nzuri na kupewa maneno matamu, kisha mzigo ukifika anakuta kipande cha chuma kilichopakwa rangi ya fedha. Kifaa cha kumkinga si cha gharama. Ni ile mizani ya kidijitali ya mfukoni ambayo masonara hupimia pete: inabeba hadi gramu 200, inasoma hadi gramu 0.01 na inatumia betri mbili za AAA. Zinatoka China kwa majina mengi na ndani hazipishani sana. Bei yake haifiki bei ya rupia moja halisi ya fedha iliyo katika hali nzuri.

Wengi huinunua wapate kujua uzito tu. Huko ni kuitumia nusu. Kazi inayoipa mizani hii thamani ni kupima densiti, yaani uzito wa sarafu ukigawanywa kwa ujazo wake, na kazi hiyo inaifanya vizuri kuliko bei yake inavyoonyesha.

Kabla ya kulipa, soma maandishi yaliyo chini ya sahani. Kuna mizani inayofanana nayo kwa umbo na rangi lakini imeandikwa 500 g/0.1 g. Hiyo iache. Kwa densiti tunasoma namba ndogo ya ujazo, kama 1.13 kwa rupia, na mizani ya desimali moja itakuandikia 1.1 au 1.2, ukabaki kubahatisha. Hapohapo dukani weka funguo, soma. Weka simu ndogo au pete, soma. Kisha viweke vyote pamoja. Jumla ikipishana na hesabu yako kwa zaidi ya 0.02, omba nyingine. Sogeza pia kitu kimoja katika pembe nne za sahani. Namba isibadilike.

Sasa kwa nini uzito peke yake hautoshi. Rupia ya fedha ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, iwe ile ya DOAG (Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki) iliyoanza 1890 au ile ya serikali ya 1904 hadi 1914, ilipigwa kwa gramu 11.66, fedha 917 kwa elfu, kipenyo kama milimita 30.5. Lakini rupia iliyozunguka mikononi mwa watu miaka mingi huliwa. Ukikuta gramu 11.4 si lazima iwe bandia. Nyingine zilitobolewa zikavaliwa kwenye mikufu, na tundu hupunguza uzito. Densiti haijali kuchakaa wala tundu: fedha iliyobaki ni fedha ileile. Kinachoivuruga ni lehemu ya kishikizo kilichowahi kubandikwa, kwa hiyo kagua ukingo kwa lenzi ya mara kumi kwanza.

Kipimo chenyewe kinafanywa hivi. Pima sarafu ikiwa kavu, andika namba. Chukua kikombe chepesi cha plastiki, tia maji kiasi cha nusu kikombe cha chai, tone moja la sabuni ya maji, koroga taratibu bila kutoa povu. Kiweke kwenye mizani, bonyeza TARE isome 0.00. Funga sarafu kwa uzi mwembamba wa nailoni, ule wa kuvulia samaki unafaa, ukipitisha tanzi ukingoni. Izamishe yote, isiguse chini wala pembeni, ukiwa umeishika kwa mkono uliotulia au umeuning'iniza uzi kwenye kijiti. Namba inayotokea ni ujazo wa sarafu kwa sentimita za ujazo. Gawa uzito mkavu kwa namba hiyo.

Rupia halisi ya gramu 11.66 itasoma karibu 1.13, na densiti itatoka 10.3. Nakala ya shaba na nikeli yenye uzito huohuo itasoma 1.30, ya shaba ya manjano 1.37. Rupia mbili, iliyopigwa 1893 na 1894 tu, ina gramu 23.32 na inasoma karibu 2.26. Reale ya Maria Theresa, ambayo pwani yetu iliihesabia biashara kwa miaka mingi, ina gramu 28.07, fedha 833, nayo inasoma 2.75, densiti 10.2. Tofauti kati ya halisi na bandia katika sarafu kubwa kama hii ni pana kiasi kwamba hata mkono unaotetemeka hauwezi kuificha.

Makosa yanajirudia, na yanaweza kufanya sarafu halisi ionekane bandia. La kwanza ni mapovu. Kipovu kikijificha kwenye masharubu ya Kaisari Wilhelm aliyechorwa kwenye rupia au kwenye herufi, ujazo unaonekana mkubwa na densiti inashuka. Sabuni ni kwa ajili hiyo. Kama bado yapo, itikise sarafu ndani ya maji. La pili ni upepo wa feni, ambao kwa desimali mbili unatosha kuicheza namba. La tatu ni glasi nzito: glasi ya kioo na maji yake hupita gramu 200 na mizani hukataa kusoma. La nne ni kizio. Kitufe cha MODE hupitia g, oz, ct na gn, na namba ya karati inaweza kukupotosha kabisa. Betri zikichoka namba huanza kutembea yenyewe, zibadilishe bila huruma.

Lawama yangu kubwa kwa mizani hizi ni kuzima zenyewe baada ya dakika moja hivi, pengine hata kabla hujamaliza kuondoa mapovu. Ikizima, TARE imepotea na unaanza upya. Panga uzi na sarafu kwanza, ndipo ubonyeze TARE. Pili, nyingi zina tabia ya kujirudisha kwenye sifuri zikiona badiliko dogo la polepole. Ukizamisha sarafu ndogo kidogo kidogo, sehemu ya ujazo inamezwa. Izamishe kwa mwendo mmoja. Tatu, jiwe la kupimia la gramu 100 mara nyingi halimo kwenye boksi. Linunue; bila hilo hutajua mizani ilipoanza kukosea.

Sarafu za Tabora zinahitaji umakini zaidi. Mwaka 1916, Wajerumani wakiwa wamezingirwa na vita, walipiga hapo sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo mbele ya mlima, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Zilipigwa 16,198 tu. Uzito wake ni gramu 7.17, dhahabu 750, na kwa mizani hii itasoma kati ya 0.45 na 0.48, densiti 15 na kitu. Namba ni ndogo, hivyo kosa la 0.01 ni asilimia mbili. Pima mara tano uchukue wastani. Bahati nzuri, shaba ya manjano iliyopakwa dhahabu haiwezi kufika hapo: ikiwa na ukubwa sahihi itakuwa na gramu 4 hivi, na ikiongezwa unene hadi gramu 7 itasoma zaidi ya 0.80.

Lakini mizani haina jicho. Sonara akiitengeneza rupia 15 kwa dhahabu ya kweli ya karati 18, kipimo kitaipitisha. Hapo ni lenzi: herufi zilizovimba na kujaa duara, uso wenye vijishimo vya kumiminwa, tembo asiye na mistari ya ngozi. Risasi ikichanganywa na bati kidogo inaweza kufika densiti ya 10.3 na kuiga rupia. Isimamishe sarafu kwenye ncha ya kidole na uigonge taratibu kwa kalamu ya plastiki. Fedha inalia kwa muda, risasi inakata sauti. Heller 20 za Tabora za shaba (heller ilikuwa sehemu ya mia ya rupia) hazipimiki kwa njia hii, kwa sababu mwigaji naye anatumia shaba, na hata zile halisi uzito wake haulingani. Sumaku ndogo iwe mfukoni siku zote: rupia, reale na heller zote hizi hazinati.

Kwa manunuzi ya mtandaoni mizani inafanya kazi hata ikiwa kwa muuzaji. Mwombe picha ya sarafu ikiwa juu ya sahani, namba ikisomeka, na kando yake kikaratasi chenye tarehe ya siku hiyo. Omba na picha ya ukingo. Reale halisi ina maneno IUSTITIA ET CLEMENTIA yaliyoinuka ukingoni. Nakala nyingi zina mikwaruzo tu au ukingo laini. Usilipie umri kwenye reale: zote zimeandikwa 1780, hata zilizopigwa karne ya 20, kwa hiyo bei iongozwe na fedha iliyomo. Muuzaji wa kweli hakasirishwi na maombi haya.

Wenye vifaa vya kutafutia vyuma ardhini nao huiuliza mizani hii. Sarafu iliyotoka mchangani hupimwa baada ya udongo kutoka kwa kulowekwa kwenye maji safi, bila ndimu wala brashi ya waya, maana ukutu ukikwanguliwa thamani imeondoka. Ila sheria itangulie. Tanzania Bara, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na kuchimba kunahitaji kibali. Kenya, Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006 inaweka mpaka 1895. Zanzibar ina sheria zake. Sarafu za shaba za masultani wa Kilwa ziko ndani ya ulinzi huo. Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984, zilipatikana sarafu za fedha zaidi ya 2,000 mahali pamoja, na dinari chache za dhahabu za Wafatimiya, watawala wa Misri wa zamani, zilizokuwa nazo ndizo zilizosaidia kukadiria umri wa zile nyingine. Zingechomolewa moja moja na kuuzwa, elimu hiyo isingepatikana tena.

Kati ya mizani za aina hii, chagua yenye kifuniko kinachotenguka kabisa, maana hicho kinafaa kuwa trei, na yenye namba zilizo mbele, si nyuma ya sahani ambako kikombe kitazifunika. Ya gramu 100 inatosha kupima rupia kavu. Kwa kipimo cha kikombe cha maji, chukua ya 200.