Kitabu cha hadithi au cha maelezo kwa kuwafundisha watoto kuhusu Idi?

Mi kwa mtoto wa miaka minne mitano naanza na hadithi, maana akimuona mhusika anatafuta mwezi muandamo usiku na asubuhi anaenda kuswali Idi, ashaelewa furaha yenyewe bila lecha. Shida yake hadithi nyingi zinaishia kwenye nguo mpya na zawadi, zakatul fitri, ile sadaka ya chakula kwa maskini inayotolewa kabla ya swala, hata haitajwi!

Cha maelezo ndo kinajibu maswali: kwa nini Idi inasogea kama siku 11 kila mwaka, kwa nini Idi ya kuchinja ni tarehe 10 Mfunguo Tatu (mwezi wa mwisho wa Kiislamu), Nabii Ibrahim anaingiaje hapo. Ila kwa mdogo kinachosha haraka, huyo msubirini afike miaka minane hivi.